Maneno ya Mwisho ya Katekista Wanzagi

Musoma, 14 Februari 1993

Mdogo wangu Euphrasia,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii ikukute wewe na Jeska mkiwa na afya. Sisi huku Musoma hatujambo. Wifi yako Ursula alisumbuliwa na jino hadi likang'olewa, na sasa anakula kama zamani na kusema kuliko zamani. Mwezi uliopita nilifika Butiama kumwona Mama. Presha yake inapanda na kushuka, lakini nilimkuta akimtukana jirani kwa sababu ya kuku, nikajua bado yupo yupo.

Nakuandikia kwa jambo la furaha. Tangu vyama vingi viruhusiwe mwaka jana, waumini wamechanganyikiwa. Wengine wanasema siasa ni uchafu, wengine wanakimbilia kila bendera mpya inayopandishwa. Kamati ya walei imeona kuna haja ya kitabu kuhusu Mkristo na siasa, na imeniomba mimi nikiandike. Mtu aliyekuwa katibu wa tawi la Chama miaka yote ile ya shida, na wala hakuacha kwenda misa, ana la kuwaambia wenzake. Nimekipa jina Altare na Jukwaa. Wapo wanaosema kikitoka nigombee ubunge mwaka tisini na tano, ila hilo tuliweke pembeni kwanza.

Sura ya tano nataka iwe juu ya marehemu mumeo. Mwaka huu inatimia miaka kumi tangu Wanzagi afariki. Naomba uniandikie mambo yake madogo madogo: alisali vipi, alivaa vipi, aliwaita watu vipi. Wasomaji wanapenda kumwona mtu. Habari za kukamatwa kwake usijisumbue nazo, hizo ninazo.

Kaka yako,
Felisian Nyamhanga


Mugeta, 9 Machi 1993

Kaka Felisian,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ililala posta ya Bunda mpaka Kwangu, katekista wetu wa sasa, alipokwenda kuchukua mizigo ya parokia, akaileta mfukoni pamoja na ugoro wake. Tumeisoma huku tunapiga chafya. Huku tuko wazima. Mvua imeanza vizuri, mtama umesimama, na ndege nao wamesimama wanausubiri. Jeska alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa, yuko nami nyumbani. Anasoma kila kitu, hata gazeti lililofungiwa chumvi. Mwambie wifi pole ya jino.

Nimeshangaa kupata barua ndefu kutoka kwako. Tangu rambirambi za mume wangu sijapata zaidi ya kadi ya Krismasi, na mguu wako haujakanyaga hapa. Lakini sitaki ugomvi, kwa sababu hicho kitabu nakihitaji kuliko unavyokihitaji wewe.

Nikueleze. Parokiani kwetu kila tarehe mbili Novemba, siku ya marehemu wote, husomwa majina ya makatekista waliokufa. Jina likitajwa, mjane wake anainuka na kuwasha mshumaa. Mimi kila mwaka naenda na mshumaa na kurudi nao. Padri wa wakati ule alisema mtu aliyefia rumande kwa kesi ya uhujumu uchumi, ya kuficha bidhaa, hawezi kutajwa altareni, na jina likatolewa. Shuleni walimwita Jeska mtoto wa mhujumu mpaka akamaliza. Padri Mihayo tuliye naye sasa ni mtu mwema, ila mwoga. Ameniambia, "Mama, mimi wakati ule sikuwepo, na watu wanasemaga mengi. Niletee kitu kimeandikwa na mtu wa kuaminika, jina nitalirudisha." Nimempelekea barua yako. Amesema kitabu chenye ruhusa ya kanisa kinatosha kabisa. Basi kaka, andika ukweli wake, na kitoke kabla ya Novemba. Sikuombi kitu kingine.

Mambo yake madogo ni haya. Rozari aliivaa mkononi, kwa sababu shingoni ilimsumbua akiinama kulima. Kabla ya kusali alikohoa kidogo, hata kama kifua hakimwumi. Watu wote aliwaita "mwenzangu": mtoto, mlevi, Padri, hata mgambo waliokuja kumchukua. Mtakatifu wake alikuwa Yosefu. Nilimwuliza siku moja kwa nini si Petro au Paulo, akasema, "Yosefu hakuna mahali anasemaga kitu. Anaamka, anabeba mzigo, anaenda."

Za kukamatwa umesema unazo. Najua unazo.

Mdogo wako,
Euphrasia


Musoma, 2 Aprili 1993

Mdogo wangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Barua yako nimeipata na machozi yamenitoka. Hilo la Yosefu ni dhahabu. Nimemsomea Ursula naye akanyamaza, jambo la nadra hapa nyumbani. Mama anakusalimu na anauliza lini utakwenda kumwona.

Kuhusu Novemba usiwe na shaka, kitabu kitakuwa tayari. Ila usitangaze. Watu wana wivu, na hawa wa vyama vipya wanaweza kukipaka matope kabla hakijatoka.

Dereva wa lori la dagaa anayepakia Mwigobero atakuletea sukari kidogo, wewe na Jeska mfurahie chai. Siku hizi Mungu ametukumbuka, kila duka limejaa.

Kaka yako,
Felisian


Mugeta, 11 Juni 1993

Kaka Felisian,

Salamu zangu na za Jeska zikufikie, wewe, wifi na watoto wote. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mavuno, na Jeska alipata jipu mgongoni, akawa analala kifudifudi na kusoma hivyo hivyo. Sasa limepona. Kwa Mama nitakwenda barabara ikikauka.

Umeniambia nisitangaze, lakini umechelewa, Jeska ameshawaambia jumuiya nzima. Baada ya misa wananiita Mama Kitabu. Mzee Matiko, ambaye hajanisalimu tangu mwaka themanini na tatu, Jumapili iliyopita amenipa mkono. Akasema anasubiri kwanza asikie kitabu kinasemaje, ndipo ajue anisalimie kwa nguvu kiasi gani. Nilicheka mbele yake. Nyumbani nikalia, na nilijichukia kwa kulia.

Sukari imefika. Ulisahau kwamba nyumba hii hainywi chai ya sukari tangu mwaka ule. Nimeipeleka kwenye msiba wa jirani. Mwezi wa tano nilipita Kiabakari nikaona magunia ya sukari yamepangwa nje ya duka, mwenye duka amelala juu yake mchana kweupe, na hakuna mgambo wa kumwamsha. Nilisimama pale mpaka akafumbua jicho akaniuliza nataka nini.

Sasa nikuulize, na sikuulizi kwa ubaya. Kwa miaka kumi sijakuuliza. Hiyo sura ya tano, umeandika kwamba ile mifuko ya sukari na zile katoni za sabuni zilizokutwa chini ya kitanda chetu zilikuwa za nani?

Mdogo wako,
Euphrasia


Musoma, 17 Agosti 1993

Mdogo wangu,

Kristo, tumaini letu. Unisamehe kwa kimya. Mama alilazwa kwa ile presha, ametoka, anaendelea vizuri, na daktari amesema asipewe habari za kumshtua. Wifi yako amepanda mboga nyuma ya nyumba, mbuzi wa jirani wamezipenda.

Uchapaji ni vita. Leo karatasi hakuna, kesho karatasi ipo na mashine ni mbovu. Mhariri wamenipa kijana mmoja anayezijua koma kuliko Injili. Hata hivyo ruhusa ya kanisa imepatikana na itachapwa ukurasa wa mbele kabisa. Mwanakamati mmoja amesoma rasimu akasema sura ya tano ndiyo moyo wa kitabu, na kwamba kila mwanasiasa Mkristo atajiona ndani yake. Uzinduzi utakuwa hapa Musoma. Mgeni rasmi ni mtu mkubwa, jina lake sitaliandika kwenye barua.

Uzidi kuniombea.

Felisian


Mugeta, 5 Septemba 1993

Kaka,

Mungu ashukuriwe kwa Mama kutoka hospitali. Jeska alitaka kwenda kumuuguza, nikamwambia asubiri nauli. Huku tunapura mtama.

Umeniandikia habari za karatasi, mashine, koma na mbuzi wa jirani. Swali langu umeliruka. Basi nikurahisishie kazi. Andika tu kwamba vile vitu havikuwa vyake. Vilikuwa vya nani, usitaje. Mimi najua, wewe unajua, na Mungu alikuwepo. Andika kwamba Wanzagi alikamatwa na vitu visivyo vyake na akanyamaza. Sentensi moja hiyo. Nitawasha mshumaa wangu, na siku ya uzinduzi nitakuja Musoma kuwapikia wageni wako mimi mwenyewe, wifi akae kitini.

Na huyo wifi, kumbuka aliingia kwako kwa ng'ombe gani. Ng'ombe aliotoa Wanzagi kunioa mimi ndio hao hao uliowaswaga kwenda kumwoa Ursula. Kwetu dada ambaye mahari yake imemwoza kaka yake ana sauti katika nyumba ya kaka huyo mpaka anakufa. Sauti hiyo sijawahi kuitumia. Naitumia leo kwa sentensi moja.

Euphrasia


Musoma, 8 Oktoba 1993

Mdogo wangu mpendwa,

Hatimaye kimezaliwa. Nimempa dereva wa kamati nakala moja amkabidhi Padri Mihayo, na nyingine ni yako. Jalada ni la buluu, picha yangu iko nyuma. Ursula anasema nimetoka mnene.

Uzinduzi ni Jumamosi tarehe 20 Novemba, ukumbi wa kanisa. Wewe utakaa mbele pamoja na wageni. Sura ya tano ikishasomwa utaombwa kusimama, useme neno dogo tu, kwamba ndivyo ilivyokuwa. Hakuna haja ya hotuba. Vaa kitenge kizuri. Sura hiyo itakutoa machozi.

Kaka yako,
Felisian


Mugeta, 17 Oktoba 1993

Felisian,

Salamu sina. Tuko hai.

Kitabu kilipofika niliita jumuiya yote nyumbani. Niliazima viti. Nilipika ugali wa mtama na kuchinja jogoo, kwa sababu nilijua siku yangu imefika. Padri Mihayo alikuja, Mzee Matiko alikuja akakaa mbele kabisa. Nikamwambia Jeska asome, kwa kuwa mimi nasoma polepole na sikutaka watu wasubiri. Kwa hiyo mtoto ndiye aliyesoma, kwa sauti, amesimama, mbele ya watu. Umeandika hivi:

"Nilimkuta rumande amelala chini, rozari mkononi kama ilivyokuwa desturi yake. Alipotaka kusema alikohoa kidogo kwanza. Akanishika mkono. 'Mwenzangu,' akaniambia, 'wewe ulifanya kazi yako. Tamaa ilinizidi, nikaficha riziki ya wenzangu. Nimekusamehe kunikamata, nawe niombee.' Nikamwuliza kama ana neno kwa mtoto wake. Akasema, 'Mwambie Jeska baba yake alitubu.' Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Siku ile nilielewa kwamba Mkristo anaweza kulitumikia taifa bila kuusaliti msalaba."

Nilikuandikia kikohozi chake na rozari yake ili watu wamwone. Wewe umevichukua ukamvalisha navyo mtu mwingine, mwizi, na mwizi huyo anafanana na mume wangu hata mimi niligeuka kutazama mlangoni.

Sasa nitasema, maana umenilazimisha. Vitu vilikuwa vyako. Ulipokuwa katibu wa tawi hapa kwetu uliviondoa duka la kijiji, na msako ulipoanza ulivileta kwangu jioni kwa baiskeli, umevifunika na majani ya ng'ombe. Ulisema, "Nyumba ya katekista hawaipekuagi." Kesho yake mtu akakuchongea kwa mgambo, na wewe, ili ujiokoe, ukatangulia mbele yao mpaka mlangoni kwangu. Wanzagi alikutazama, akasema ni vyake. Wakati wanamfunga mikono nilifungua mdomo. Akaniambia, "Mwenzangu, nyamaza. Mkwe ana mtoto wa kiume mmoja tu." Mtu huyo kwa heshima ya ukwe alikuwa hawezi hata kulitamka jina la Mama. Angewezaje kumfungia mwanaye?

Rumande hukufika. Mimi ndiye niliyekaa getini na kibuyu cha uji. Nilituma mtu kwako uniandikie kibali cha kumwona, akarudi akasema uko mkutanoni. Alikufa kwa kuhara, bila ndugu. Aliyemfumba macho ni mahabusu mwenzake, mwizi wa ng'ombe, na mwizi huyo alipoachiwa alitembea kwa miguu mpaka Mugeta kuniletea rozari. Hakuwa na maneno ya mwisho ya kuniletea. Alisema, "Mama, kwa siku za mwisho alikuwa hawezi kusema."

Futa. Mwandikie Padri, waandikie kamati yako, futa hiyo sura kabla ya tarehe mbili. Usipofuta nitasimama kanisani na kusema yote haya.

Euphrasia


Musoma, 26 Oktoba 1993

Euphrasia,

Nimekusoma. Umeandika ukiwa na hasira, na kwa ajili yako barua hiyo nimeichoma.

Tutazame mambo kwa akili. Vitabu vimeshachapwa na vimeshasambazwa. Ukurasa wa mbele una ruhusa ya kanisa. Wewe una nini? Una habari uliyopewa na mwizi wa ng'ombe. Ukisimama kanisani watasema mjane wa mfungwa amechanganyikiwa. Mama atasikia kabla jua halijazama, unajua Butiama habari zinavyofika, na daktari amesema nini juu ya presha yake nimekuandikia. Ukitaka kumuua, basi simama.

Isitoshe, ulitaka jina lisomwe. Padri Mihayo ameniandikia kunishukuru. Anasema kwa kuwa kitabu kinaonyesha marehemu alitubu, hana kizuizi tena, na tarehe mbili atamsoma. Mtu asiye na kosa hawezi kutubu, mdogo wangu, na aliyefia rumande bila kutubu hawezi kusomwa. Nilimpa mlango mmoja uliokuwepo.

Na jambo la mwisho. Jeska naye ameniandikia. Anasema analala na kitabu chini ya mto. Anasema miaka yote alijua baba alikufa, lakini hakujua kama baba alimkumbuka. Sasa anajua. Amenukuu ile sentensi yenye jina lake na kuipigia mstari. Kama unataka kumwambia mtoto kwamba baba yake hakumtaja, kwamba alikufa katika kinyesi bila kusema neno, hakuna anayekuzuia. Nenda kamwambie.

Nakusubiri tarehe 20.

Felisian


Mugeta, 7 Novemba 1993

Kaka Felisian,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi ni wazima. Mvua za vuli zimeanza, tunapanda. Msalimie wifi, msalimie Mama utakapofika Butiama.

Nikupe habari za tarehe mbili. Kanisa lilijaa. Nilikwenda na maneno yangu yote, nilikuwa nimeyasema shambani siku nyingi mpaka yamenyooka. Padri alisoma majina, na alipofika kwa Wanzagi akaongeza, "aliyetubu na kupatana na ndugu zake." Nikainuka. Nikafungua mdomo. Kabla sijasema kitu, Jeska aliinuka kando yangu, akamwomba Padri ruhusa, na akasema ile sehemu yako yote kwa kichwa, bila kitabu. Alikohoa kidogo mahali ulipoandika baba yake alikohoa. Wanawake walilia. Mzee Matiko alilia. Aliposema "Mwambie Jeska baba yake alitubu," alijigusa kifuani, na uso wake, kaka, sijawahi kuuona hivyo tangu nimzae.

Nikawasha mshumaa. Nikakaa. Ulijua nitakaa. Ulinijua vizuri kuliko nilivyojijua, na kwa hilo ninakuchukia kuliko kwa ile mifuko.

Matiko sasa ananisalimia kwa mikono miwili. Ananisalimia kama mke wa mwizi aliyesamehewa. Padri ananiita mfano wa upatanisho. Nimepata kila nilichokuandikia barua kukiomba, na nikiona mtu anakuja njiani nazunguka kwa nyuma.

Tarehe 20 mimi sitakuja. Atakuja Jeska. Ameomba mwenyewe, na nimemkubalia, nimemshonea na gauni. Atasimama mbele ya mgeni rasmi wako, kamati yako na picha yako, na atasema yale maneno. Halafu atakuuliza. Maswali anayo, anayarudia akichota maji, na sikumfundisha hata moja. Anataka kujua baba alikuwa amelala upande gani. Alikuwa amefunikwa au hakufunikwa. Alipotaja jina lake sauti ilikuwaje. Kama alikuwa na maumivu, na kama wewe ulimpa maji. Ulikaa naye mpaka mwisho au uliondoka. Juzi aliniambia, "Mama, mjomba ndiye alimuonaga baba wa mwisho. Mimi nikimuona mjomba ni kama nimemuona baba." Sijamwambia neno lolote, na sitamwambia.

Najua namtuma mwanangu mahali pabaya. Ukimdanganya, utamdanganya ukimtazama machoni, na kila jibu litazaa swali, maana huyo mtoto hachoki. Ukimwambia kweli, utamwambia mbele ya watu wote. Vyovyote vile yatatoka mdomoni mwako. Mimi nimenyamaza miaka kumi, na mume wangu alinyamaza mpaka akafa. Sasa ni zamu yako kusema.

Mpokee vizuri. Ni mtoto wa dada yako.

Euphrasia


Musoma, 12 Novemba 1993

Mdogo wangu Euphrasia,

Barua yako nimeipata leo na naijibu leo leo. Nakuomba Jeska asije. Ukumbi ni mdogo, wageni ni wengi, na malazi hatuna kwa kuwa watoto wa kaka yake Ursula wako hapa. Mwambie nitakuja mwenyewe Mugeta wakati wa Krismasi, tutakaa sisi watatu, na nitamweleza polepole. Mtoto hapaswi kuuliza mambo kama hayo mbele ya halaiki. Fikiria mgeni rasmi. Fikiria Mama, naye amealikwa na ataletwa na gari, sikuweza kumkatalia.

Kuhusu sura ya tano, nimezungumza na mhariri. Katika toleo la pili inawezekana kabisa kuongeza ile sentensi yako moja. Hata mbili. Niandikie unavyotaka isomeke nami nitaipeleka ilivyo. Jina la Wanzagi litakuwa safi, nakuahidi kwa jina la Mama.

Nimempa dereva wa kamati barua hii aifikishe Bunda, atakayeipata akuletee upesi. Mzuie mtoto, Euphrasia. Nakusihi.

Kaka yako,
Felisian


Mugeta, 19 Novemba 1993

Kaka Felisian,

Barua yako katekista Kwangu ameniletea leo Ijumaa, ilikaa Bunda siku zote hizi. Jeska alipanda basi jana asubuhi. Alikuwa na gauni lake jipya ndani ya mfuko ili lisichafuke vumbi, na aliniambia atapitia Butiama alale kwa bibi yake, na sasa najua watakuja kwako pamoja kwenye hiyo gari uliyompelekea Mama.

Sina namna ya kumrudisha. Nilisimama barabarani baada ya kusoma, nikafikiria kumkimbilia, na nikarudi nyumbani kupanda mbegu.

Hii nayo ataichukua huyo huyo Kwangu atakapokwenda Bunda wiki ijayo. Wakati unaisoma, utakuwa umeshamjibu.

Euphrasia